Ndege ya kujiundia na hewa ya Arusha

Pikipiki ya shemeji yangu ilitoka Tanga ikiwa nzima. Haikumaliza wiki mbili Arusha ikaanza kukohoa, inabugia mafuta, mlimani inapanda kwa kinyongo. Fundi wa Unga Limited akafungua plagi, nyeusi tititi kwa masizi. "Huku hewa nyepesi, kaka. Kabureta bado inapima mafuta ya baharini." Akarekebisha, yakaisha.

Nimemkumbuka fundi huyo kwa sababu ya kijana wa Sakina, hukohuko Arusha, anayeunda ndege ya watu wawili uani kwao. (Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kesi nyingine, leo naiacha.) Mtaa mzima unampigia makofi na kumrekodi video. Mimi naona hatumsaidii. Ramani aliyoinunua inasema ndege itaacha ardhi baada ya mita 200, naye ameliandika hilo kwa chaki mlangoni. Lakini mita 200 hizo ni za usawa wa bahari, joto nyuzi 15. Sakina si Pangani.

Uwanja wa Arusha, pale Kisongo, uko kama futi 4,550 juu ya bahari. Kwa urefu huo vitabu vya urubani huchukulia joto ni nyuzi 6 hivi. Sasa njoo Februari saa nane mchana, nyuzi 28. Joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi, kwa hiyo kila nyuzi ya ziada ihesabu kama umepanda futi 120. Jumla inafika karibu futi 7,200: magurudumu yako kwenye lami ya Kisongo, ila injini na mabawa yanaishi hewa ya huko juu.

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuishindilia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo farasi 100 wanabaki kama 78. Panga boi nayo inasukuma hewa iliyopungua. Kinachowaponza wengi zaidi ni bawa. Kipima mwendo kitaonyesha namba ileile ya kuruka, lakini hewa ikiwa nyepesi hivyo, ardhi chini inapita haraka zaidi kwa karibu asilimia 11. Unatakiwa kukimbia zaidi, na nguvu umepungukiwa. Mita 200 zinaweza kukaribia 400, na ukishaacha ardhi kupanda kwenyewe ni kwa kujikongoja, miti inakusubiri mbele.

Wapo wanaomshauri afunge injini kubwa. Sikubaliani nao, injini kubwa ni uzito, na uzito ndio adui wa kwanza. Ya tabo ingefaa, ila bei yake inanunua kiwanja. Kwangu mimi, kiti cha pili kibaki kitupu na tanki lisijazwe.

Kisha kuna saa. Arusha alfajiri ya Julai, nyuzi 14, hesabu inatoa futi 5,500. Moshi, ulio chini kwa futi zaidi ya 1,700, inabidi joto lifike nyuzi 32 ndipo upate namba hiyohiyo. Yaani Moshi jua la utosi ni sawa na Arusha umevaa sweta.

Nilimfanyia hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi. Akaikodolea macho, akaenda mlangoni, akafuta 200 kwa kiganja.

"Kaka, na Moshi alfajiri je?"

Nikampa penseli.