Kinanda kizimwe wiki moja tu

Kila kiangazi hapa Uingereza, shule za bweni zikifunga, majengo yake hukodishwa kwa makambi ya kila aina. Mojawapo ni la vijana wanaoimba muziki wa Renesansi, yaani wa kanisani wa karne ya 16 hivi, wa watunzi kama Palestrina, Victoria, Tallis na Byrd, asubuhi hadi usiku, wiki nzima. Binti yangu alikwenda mwaka huu kwa ufadhili. Bila ufadhili tusingethubutu, maana ada yenyewe nyumbani ingemlipia mtoto bweni muda mrefu. Siku ya mwisho wazazi tuliruhusiwa kukaa nyuma tusikilize, na niliyoyaona nataka kuwaambia wanakwaya wenzangu wa Songea, hata kama mtanuna.

Kwa sauti hawatuwezi. Sauti ya kwanza ya parokia yetu ingewafunika wale watoto kabla "Bwana utuhurumie" haijaisha. Wanachotuzidi ni masikio.

Vijana wanne walisimama wakitazamana, kila sauti mtu mmoja, kinanda hakuna. Wakaimba Agnus Dei, yaani "Mwanakondoo wa Mungu", ya Misa ya sauti nne ya Byrd. Inaanza na sauti mbili za juu peke yake, zinafukuzana, kisha nyingine zinaingia. Kule mwishoni, kwenye "dona nobis pacem" (utujalie amani), sauti moja inang'ang'ania nota yake huku nyingine ikija kusimama ubavuni kabisa, zinakwaruzana, halafu ile ya kwanza inashuka hatua moja na sikio linapumua. Hazijatulia, wawili wengine wameanza. Mwalimu alimsimamisha kijana wa sauti ya tatu, ambaye hata hakuwa amekosea nota. Alimwambia anawahi mno kushuka, aache iume kwanza. Unawezaje kujua inauma kama humsikii jirani yako?

Na kuimba wachache hivyo si kubana matumizi. Byrd alikuwa Mkatoliki wakati Misa imepigwa marufuku Uingereza. Misa zake tatu zilichapwa miaka ya 1590 bila ukurasa wa jina, zikaimbwa kwa siri majumbani na watu wachache.

Sasa njoo kwetu. Mwalimu anakaririsha sauti ya kwanza nusu saa, besi wako nje na simu zao. Kisha kinanda kinawashwa na biti yake ya kiwandani, kinampigia kila mtu sauti yake, na mwimbaji anakifuata kama abiria. Umeme ukikatika katikati ya Utukufu, mnajua wenyewe kinachotokea.

Sisemi huku ni peponi. Wale watoto wanasoma wimbo mgumu kwa saa moja na wiki inayofuata wameshausahau, wakati bibi zetu wa Peramiho wanaimba Misa de Angelis, ile Misa ya Kilatini ya Kigregoriani, nzima bila kitabu. Kambi likiisha kila mmoja kwao. Kwetu kwaya ndiyo inayokuoza, ndiyo inayokuzika, na mtu anakuja mazoezini jioni baada ya shamba bila kulipwa senti. Hilo huku halinunuliki.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ngumu tumeshaifanya. Solfa tunayoandika ubaoni, yaani do, re, mi kwa herufi, ilizaliwa hapahapa Uingereza: Sarah Glover wa Norwich aliianzisha, John Curwen akaieneza karne ya 19, wamisionari wakatuletea. Leo wenzake binti yangu walimshangaa akiandika d, r, m chini ya nota. Na vijana wa enzi za Byrd nao walifundishwa kwa ut, re, mi, fa, sol, la, mfumo uliotokana na Guido wa Arezzo wa karne ya 11. Mtoto wa Mbinga anayesoma solfa yuko karibu na muziki huu kuliko anavyodhani.

Basi likizo ya Juni, parokia moja itoe ukumbi. Vijana kumi na wawili, ugali na maharage, kinanda kifungiwe stoo. Nota za Byrd zipo bure mtandaoni kwenye maktaba ya Choral Public Domain Library, na kuzigeuza solfa ni kazi ya jioni chache. Agnus Dei nimeshaianza mwenyewe. Najua kuna atakayesema huo ni muziki wa wazungu, tena Kilatini. Sawa, lakini ile biti ya kinanda ilitungwa Mbinga na nani? Wakimaliza wiki hiyo, wapeni wimbo wa Kingoni waupange wenyewe kwa sauti nne, bado bila kinanda, halafu nitumieni rekodi.