Protini Isiyoyeyuka si Lazima Iwe Protini Nzuri

Kuna sentensi inayopendwa sana katika mihadhara ya baiokemia na katika maombi ya fedha za utafiti, Kampala na kwingineko: "Protini yetu inastahimili zaidi ya nyuzijoto 90." Ikishatamkwa, mjadala hupoa. Anayethubutu kuuliza kama joto hilo lina maana yoyote kwa kazi ya protini yenyewe huonekana hajui shida za vituo vyetu vya afya vijijini. Kwa protini ambazo helisi zake zimesokotana, naona muulizaji huyo ana hoja nzito kuliko anavyosikilizwa.

Muundo wenyewe unajulikana. Helisi alfa, yaani minyororo ya asidi amino (vijenzi vya protini) iliyojizungusha kama springi, husokotana mbili, tatu au zaidi kama kamba. Francis Crick alieleza jiometria yake mwaka 1953: helisi zikiegemeana kwa pembe ya takriban digrii 20, mpangilio hujirudia kila baada ya asidi amino 7, zinazopewa herufi kuanzia a hadi g. Nafasi ya a na d huangalia ndani na hukaliwa na asidi amino zinazokimbia maji, hasa leusini. E na g mara nyingi hubeba chaji.

Wanaotetea uthabiti wana sababu za kweli. Chanjo ya malaria ya R21, iliyoanza kutolewa nchini Uganda Aprili 2025, hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na yeyote aliyeona sanduku la chanjo likifungwa nyuma ya boda boda kuelekea kituo cha daraja la tatu huko Karamoja anajua uzito wa masharti hayo. Sayansi ya kubuni protini kwa kompyuta, iliyompa David Baker sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024, imeonyesha kwamba inawezekana: mafungu ya helisi yaliyobuniwa na kundi lake na kuchapishwa mwaka 2014 hayakukunjuka, yaani hayakupoteza umbo lake, hata kwenye nyuzijoto 95. Protini ya namna hiyo hukatwa kwa shida na vimeng'enya, na hata kuisafisha ni rahisi. Unachemsha dondoo la bakteria walioitengeneza, protini nyingine zinaganda na kuzama, yako inabaki kwenye majimaji. Kwa maabara yenye bajeti ndogo hilo ni jambo kubwa.

Shida inaanza kwenye namba. Namba hiyo huitwa joto la kuyeyuka, maana yake kukunjuka kwa protini, si kuyeyuka majini, nayo hupatikana kwa kumulika myeyusho na kufuatilia ishara ya helisi kwenye mwanga wa nanomita 222 huku joto likipanda. Pale nusu ya protini inapokuwa imekunjuka, ndipo namba inaposomwa. Kwa protini ya mnyororo mmoja, ukolezi wa myeyusho haubadilishi sana jibu. Kwa helisi zilizosokotana hali ni tofauti kabisa, kwa sababu minyororo lazima ikutane kwanza. Punguza ukolezi mara kumi na joto la kuyeyuka litashuka, ingawa molekuli ni ileile. Mmoja akipima kwa maikromola 200 na mwenzake kwa maikromola 10, wanapata namba mbili kwa peptidi moja (mnyororo mfupi wa asidi amino), na bado namba hizo huwekwa kwenye jedwali moja, zikashindanishwa, na mshindi akatangazwa. Namba isiyotaja ukolezi haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Hata ikitajwa vizuri, haituambii chupa itadumu miezi mingapi. Protini nyingi huharibika zikiwa bado hazijakunjuka zote: hushikamana kuwa mabonge, huoksidishwa, asidi amino zake hubadilika kidogo kidogo. Na chanjo zenye chumvi za alumini, kama za tetanasi na homa ya ini ya B, adui yake mwingine ni baridi. Muuguzi akishuku kwamba chanjo iligusana na barafu, hutikisa chupa hiyo pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi, kisha huziweka mezani na kuangalia mashapo yanavyotulia. Yakitulia kwa kasi ileile, chanjo inatupwa. Hapo protini inayostahimili nyuzijoto 95 haiokoi kitu, kwa kuwa kilichoharibika ni chembe za alumini ilizoshikiliwa nazo.

Mfano ninaourudia kila nikizungumza na wanafunzi ni GCN4, protini ya hamira inayowasha jeni. Picha ya fuwele ya sehemu yake iliyosokotana ilichapishwa mwaka 1991 na Erin O'Shea, Peter Kim na wenzao. Ndani kabisa, katika nafasi a, kuna asparajini namba 16. Ni asidi amino inayopenda maji, nayo imeketi mahali pakavu kuliko pote. Kwa hesabu ya uthabiti ni hasara tupu: weka valini badala yake na muundo unakuwa mgumu zaidi kuyeyuka. Ila sasa minyororo haijui tena iungane mingapi. Mingine inakaa miwili miwili, mingine mitatu mitatu. Pehr Harbury na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1993, na wakathibitisha kwamba kupanga upya leusini na isoleusini katika a na d kunatosha kuzaa miundo ya minyororo miwili, mitatu au minne. GCN4 hushika DNA ikiwa jozi, kila mnyororo upande wake. Ukiongezeka wa tatu, kazi imeharibika, hata kama kipimo cha joto kinapendeza. Asparajini ile inalipia usahihi kwa sarafu ya uthabiti, na mageuko ya viumbe yameiacha palepale.

Moyo unasema hivyohivyo. Tropomiosini, helisi mbili ndefu zinazolala juu ya nyuzi za aktini ndani ya misuli, ina asidi aspatiki namba 137 iliyofukiwa katikati, mahali ambapo chaji haikutarajiwa. Watafiti waliibadilisha kuwa leusini. Protini ikawa thabiti zaidi na ngumu zaidi kupinda. Katika panya waliotengenezewa badiliko hilo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, moyo haukusukuma damu vizuri wala kulegea vizuri.

Kisha virusi, na hapa Uganda inahusika moja kwa moja. Ebola, VVU na virusi vya korona vyote huingia seli kwa protini inayojifyatua, yaani inayobadili umbo ghafla. Kabla ya kufyatuka haijatulia. Ikishafyatuka, helisi tatu husokotana katikati, nyingine tatu huzizunguka kwa nje, na fungu hilo la sita ni thabiti mno. Basi umbo lililo thabiti kuliko yote ndilo ambalo kazi yake imekwisha. Kingamwili za kuzuia maambukizi nyingi hulenga umbo la awali. Ndiyo maana katika chanjo za UVIKO-19 za Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson, zilizotumika hata kwetu, asidi amino namba 986 na 987 za protini ya mwiba ziligeuzwa kuwa prolini, ili helisi ishindwe kujinyoosha kuwa ule msokoto mrefu.

Mtetezi wa uthabiti atasema: lakini prolini hizo ziliongeza uthabiti. Ni kweli, ziliongeza uthabiti wa umbo la awali, na hilo ndilo swali lililokosekana tangu mwanzo: uthabiti wa umbo lipi? Mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan uliotangazwa Mubende Septemba 2022 ulitukuta bila chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake; iliyokuwepo ni ya aina ya Zaire. Watakaobuni protini ya chanjo dhidi ya aina ya Sudan hawatasaidiwa na kipimo kinachotoa alama za juu kwa mwiba uliokwisha kufyatuka.

Wala programu za kutabiri umbo haziondoi wajibu huu. AlphaFold ukiipa minyororo miwili inachora miwili, ukiipa mitatu inachora mitatu, na mara nyingi michoro yote inavutia. Idadi halisi inabidi ipimwe. Njia nafuu ipo: glutaraldehidi kidogo ya kufunga minyororo iliyoungana, kisha jeli ya kawaida ya protini, na mistari inajionyesha, mmoja, jozi au watatu. Ningekuwa kwenye kamati ya kugawa fedha, ombi lisilo na jeli hiyo, wala ukolezi uliotumika, wala maelezo ya umbo lililopimwa, ningelirudisha kwa mwandishi kabla nyuzijoto zake hazijajadiliwa.