Kidonge cha Tano

Urefu wangu ulikuwa haujawahi kunidhuru, ukiacha vizingiti vya milango, hadi siku ile ya kingatiba ya kichocho shuleni kwetu.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Watoto wanaoga ziwani, wanachota maji ziwani, wanachezea ziwani, na konokono wa kichocho wamo humohumo, wanawangoja. Ndiyo maana vidonge huletwa shuleni. Uvumi nao hauachwi nyuma. Safari ile ulisema dawa inafunga uzazi, na wazazi wakajaa chini ya mwembe, kimya, wamekunja mikono.

Akasimama bibi mmoja muuza dagaa. "Waanze walimu. Sisi tuone."

Mwalimu mkuu akatafuta mtu wa kumtoa mhanga, akaniona mimi. Si vigumu kuniona.

Dozi ya prazikwanteli, yaani dawa yenyewe ya kichocho, hufuata uzito, ila kwa umati kama ule hutumika fimbo ndefu yenye mistari. Mtoto wa sentimita 94 anapewa kidonge kimoja, mstari wa pili kimoja na nusu, na kuendelea juu. Wasichana wa darasa la saba wanaijua vizuri: hukunja magoti ndani ya sketi ili washuke mstari. Mimi suruali ilinisaliti. Kichwa kikaupita mstari wa mwisho, ule wa sentimita 178.

"Vitano," nesi akatangaza.

"Vitano!" mwembe mzima ukaitikia.

"Umekula lakini, mwalimu?"

"Amekula huyu!" akajibu mwalimu mkuu, mimi nikiwa bado natafuta neno. Sikuwa nimekula. Uji ulipikwa makusudi ili watoto wasimeze dawa tumbo tupu, na watoto wetu walirudi kwenye foleni mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Vinne vilishuka vizuri. Cha tano kilikuwa juu ya ulimi bibi aliponyanyua mkono. "Ngoja! Asije akakificha. Hebu fungua mdomo, mwanangu. Inua ulimi."

Sasa, prazikwanteli haitaki mazungumzo. Unaimeza upesi na maji ya kutosha. Ukiichelewesha mdomoni inaanza kumomonyoka, na hapo mwarobaini unakuwa juisi. Bibi hakuwa na haraka. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akataka kujua jino la nyuma niling'olewa lini. Nikamjibu kwa kidole.

Aliporidhika nikameza kilichobaki, ambacho kilikuwa unga.

"Mwalimu, ni chungu?" wakauliza darasa la pili.

"Tamu," nikasema, machozi yananitoka.

"Analia!" mtu akapaza sauti nyuma. "Mwalimu analia!"

Nikatabasamu. Naambiwa tabasamu lile ndilo lililofanya mama mmoja ambebe mwanawe na kuondoka. Nilitaka kumwita arudi, lakini mwembe ulishaanza kuzunguka. Nikaishika fimbo ya kupimia. Fimbo ile ilikuwa imeegemezwa tu ukutani. Tukaenda chini pamoja, mimi na sentimita zote.

Darasa la kwanza likaangua kilio. Nesi akapaza sauti kwamba ni kizunguzungu tu, kitapita, huyu hajala! Mwalimu mkuu akawa anakagua viatu vyake. Aliyeniokoa ni bibi yuleyule: akafungua kapu, akaagiza ugali nyumba ya jirani, akanilisha kwa mkono wake tonge kwa tonge mbele ya wanafunzi ninaowafundisha nidhamu. Baada ya muda nikakaa, nikadai pilipili.

"Kumbe ni njaa," wazazi wakaambiana. Na kwa kuwa uji ulikwisha, kila mzazi akataka mwanawe ale kwanza. Bibi aliyekuja kuipinga dawa aliuza dagaa wote, kapu likabaki na magamba, naye akaipigia dawa debe kuliko nesi.

Kesho yake alinisimamisha njiani. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya mnada: "Wametoka wangapi?"

Nikamweleza kwamba minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya damu, hufia humohumo, chooni huoni kitu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, bibi."

Akanitazama kwa huruma. "Na ulivyoanguka vile!"

Jioni nikakutana na fomu ya taarifa mezani kwa mwalimu mkuu. Kwenye nafasi ya madhara yaliyojitokeza alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Wanafunzi: hakuna. Walimu: mmoja. Fimbo: moja, imevunjika."