Karaginani: Lebo Ituambie Kiasi, Si Jina Tu

Kila mara mtu anapotangaza mtandaoni kwamba karaginani, kiongezwa cha chakula kitokanacho na mwani, ni sumu, kinachofuata huwa kilekile. Wapo watakaoogopa na kumwaga kila walichonacho kwenye friji, na wapo watakaojibu kwamba ni mwani tu, kitu cha asili, kwa hiyo hakina neno. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naamini pande zote mbili zinampotosha mlaji. Karaginani si sumu kwa namna wanavyodai wa kwanza, na huo uasili wake haumkingi mtu na chochote. Jambo ambalo lingetusaidia kuamua ni kujua tunakula kiasi gani, na hilo ndilo ambalo lebo hazituambii.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari uliobeba salfeti, na hutolewa kwenye mwani mwekundu. Mwani huo hulimwa kwa wingi Indonesia na Ufilipino, na Zanzibar nayo imo. Ukishakaushwa, huchemshwa kwenye maji yenye alkali. Ule ute unaotoka huchujwa, hugandishwa, hukamuliwa maji, kisha hukaushwa na kusagwa mpaka ukawa unga usio na ladha. Kwenye pakiti utauona kwa namba yake ya kiongezwa: E407 ya Ulaya, au INS 407 ya kimataifa. Upo pia E407a, ambao ni mwani uliopikwa kwenye alkali bila ute wake kutenganishwa na nyuzi.

Faida yake kiwandani ni ya wazi, na ukiiona utaelewa kwa nini imeenea kiasi hiki. Chukua maziwa ya kakao. Unga wa kakao hauyeyuki. Ni chembe ngumu. Ukiyaacha maziwa hayo kwenye chupa usiku kucha, asubuhi utazikuta chembe zimetuama chini kama tope la kahawia, na juu yake maziwa mepesi. Sasa tia karaginani ya aina ya kapa, gramu 2 au 3 tu kwa lita 10 za maziwa, upashe moto kisha upoze. Minyororo yake hujishikiza kwenye kaseini, protini ya maziwa, na kusuka wavu mwembamba ambao ulimi hauuhisi. Chembe za kakao hunasa humo na kubaki zimeelea hadi siku utakapofungua chupa. Kiasi kidogo namna hiyo kufanya kazi kubwa namna hiyo ni jambo la kupendeza, nami sioni haya kulisifu.

Kuna aina mbili nyingine. Iota hutoa mgando laini unaonesa, hasa penye kalsiamu. Lambda haigandi kabisa, hufanya kimiminika kiwe kizito tu. Kwa hizo tatu kiwanda hutengeneza aiskrimu, krimu, vinywaji vya soya na lozi, jeli, hata dawa ya meno. Kwenye nyama za kusindika kazi yake ni kuyashika maji yaliyodungwa ndani ya nyama yasichuruzike. Hapo nina lalamiko la pembeni: maji yale hupimwa kwenye mizani pamoja na nyama, na mnunuzi huyalipia kama nyama.

Sasa tuje kwenye hofu. Mwaka 1969 watafiti Marcus na Watt walichapisha kwenye jarida la Lancet kwamba simbilisi na sungura walionyweshwa maji yenye karaginani iliyovunjwavunjwa walipata vidonda vya utumbo mpana. Neno la kushika hapo ni "iliyovunjwavunjwa". Kitu hicho leo huitwa poliginani. Hutengenezwa kwa kuichemsha karaginani kwenye asidi kali, kwa nyuzi 80 na zaidi, kwa saa kadhaa, mpaka minyororo yake inakatika vipande vidogo. Uzito wa molekuli zake huwa kama daltoni 10,000 hadi 20,000, ilhali karaginani ya chakula huwa kati ya 200,000 na 800,000. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilivitenganisha vitu hivi viwili tangu miaka ya 1980: kilichovunjwa kiliwekwa kundi 2B, yaani huenda kikasababisha saratani kwa binadamu, karaginani yenyewe ikawekwa kundi 3, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuiainisha. Poliginani hairuhusiwi kutiwa kwenye chakula. Kwa hiyo anayesambaza habari kwamba "karaginani imethibitishwa kuleta saratani" amechukua hukumu ya kitu kimoja na kukibandika kingine.

Hofu nyingine inatoka maabara. Tangu 1962 wanasayansi hudunga karaginani kwenye wayo wa panya ili uvimbe, kisha humpa panya dawa waone kama uvimbe utapungua. Ni kipimo cha kawaida kabisa cha dawa za kutuliza uvimbe. Ukilisikia hilo mara ya kwanza linatisha. Lakini kitu kinachodungwa chini ya ngozi hakipiti njia moja na kitu kinachomezwa na chakula, na vitu vingi tunavyokula bila madhara vingeleta balaa vikipitishwa kwenye sindano.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema tulale usingizi. Haiishii hapo, na ndiyo maana wanaoitetea nao wananikera. Wamejificha mno nyuma ya tofauti ya karaginani na poliginani, kana kwamba ukishaieleza tofauti hiyo umejibu kila kitu. Daktari Joanne Tobacman wa Marekani alikusanya tafiti za wanyama na kuzichapisha mwaka 2001, akihoji hata hiyo karaginani isiyovunjwa. Amepingwa sana, na baadhi ya hoja dhidi yake zina uzito: tafiti kadhaa za zamani hazikueleza vizuri ni aina gani iliyotumika, na kumpa panya unga huo kwenye maji ya kunywa si sawa na kumpa uliokwisha kushikana na protini ya chakula. Lakini kupinga tafiti za wanyama hakutoshi kunyamazisha tafiti za watu.

Nazo zipo, ingawa ni chache. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote walielekezwa kula chakula kisicho na karaginani. Kisha baadhi wakapewa vidonge vyenye miligramu 200 za karaginani kwa siku, na wengine vidonge visivyo nayo. Waliokamilisha walikuwa 12. Ugonjwa uliwarudia watatu, na wote watatu walikuwa kwenye kundi la karaginani. Watu 12 ni wachache mno kujenga hukumu, nakubali. Ila ningekuwa mimi mwenye ugonjwa huo, nisingesubiri utafiti wa watu elfu ndipo nianze kusoma lebo.

Kisha mwaka 2024 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliwachukua vijana 20 wa kiume wenye afya na kuwapa miligramu 500 kwa siku kwa wiki mbili, na kwa wiki mbili nyingine kitu kisicho na karaginani. Kwa jumla, namna miili yao ilivyoitikia insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, haikubadilika. Ila walipowaangalia wenye uzito mkubwa, wakaona mwitikio umeshuka, na utumbo wa washiriki ulikuwa unapitisha vitu zaidi kuliko kawaida. Mwaka huohuo uchambuzi wa Wafaransa zaidi ya 100,000 uliihusisha karaginani na ongezeko dogo la hatari ya kisukari cha aina ya 2. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha chanzo, kwa kuwa anayekula karaginani nyingi kwa kawaida hula vingi vingine vya kusindikwa. Unachofanya ni kutuambia jambo halijafungwa.

Wasimamizi nao wanajua halijafungwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliipitia upya. Ikakubali ukomo wa miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, lakini ikauita ukomo wa muda, kwa sababu ya mapengo kwenye data, na ikataka mapengo hayo yazibwe ndani ya miaka mitano. Marekani kulikuwa na mvutano wa namna nyingine: bodi inayoshauri kuhusu vyakula vya oganiki ilipiga kura Novemba 2016 karaginani iondolewe kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa kwenye vyakula hivyo, ikisema mbadala wake upo, lakini Aprili 2018 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikaibakiza.

Kwa watoto wachanga tofauti kati ya wasimamizi ni kubwa zaidi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani ilisema mwaka 2014 kwamba hadi miligramu 1,000 kwa lita ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga haileti wasiwasi. Ulaya, kamati ya kisayansi ya chakula ilishikilia mwaka 2003 ushauri wake kwamba haifai kutiwa kwenye maziwa wanayopewa watoto tangu kuzaliwa. Hapa mimi nipo upande wa Ulaya bila kusitasita. Mtoto wa wiki tatu hana chakula kingine. Kilichomo kwenye maziwa yale anakipata kila mlo, kila siku, na utumbo wake bado unajijenga. Kama maziwa yanaweza kutengenezwa bila kitu hicho, yatengenezwe bila.

Sasa rudi kwenye zile miligramu 75, maana hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mtu mzima wa kilo 60 ukomo wake ni miligramu 4,500, yaani gramu nne na nusu. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya kakao niliyoyaeleza kina kama miligramu 50 hadi 75. Ili aufikie ukomo kwa maziwa peke yake, angehitaji vikombe 60 hadi 90 kwa siku. Hana wasiwasi. Chukua mtoto wa kilo 12: ukomo wake ni miligramu 900. Jeli inayogandishwa kwa karaginani huwa nayo kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito. Gramu 100 za jeli hiyo zina miligramu 500 hadi 1,000. Kikombe kimoja cha jeli, na mtoto ameshapita nusu ya ukomo wa siku nzima au ameuvuka wote, kabla hajala aiskrimu wala kipande cha soseji.

Vyakula viwili, lebo mbili, zote zimeandikwa E407. Kwa uzito uleule, kimoja kina zaidi ya mara kumi ya kingine, na mzazi aliyesimama mbele ya rafu hana njia ya kujua. Wataalamu wametoa ukomo kwa miligramu; kiwanda kinajua kwa miligramu, maana fundi wake huupima unga kwenye mizani kila asubuhi; anayenyimwa namba ni anayekula. Kwenye vyakula vingi sheria za Ulaya hazitaji hata kiwango cha juu, zinasema tu kitiwe kiasi kinachotosha kwa kazi inayokusudiwa. Ukomo wa kila siku usioweza kuhesabiwa na yeyote aliye nje ya kiwanda unamlinda nani? Chumvi imeandikwa kwa gramu. Sukari imeandikwa kwa gramu. Sioni kinachozuia kiongezwa chenye ukomo rasmi kuandikwa vivyo hivyo.

Wanaoniuliza wafanye nini huwa nawajibu kulingana na hali zao. Mwenye afya njema anayekunywa maziwa ya kakao mara mojamoja, asihangaike. Mwenye vidonda vya utumbo mpana, au anayesumbuliwa na tumbo bila sababu kupatikana, aiondoe kwa wiki kadhaa huku daktari wake akijua, aone kama kuna tofauti. Mwenye mtoto mdogo aziangalie jeli kuliko kitu kingine chochote.

Na tusidanganyike na pakiti zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina karaginani. Baada ya kelele za walaji, kampuni nyingi za vinywaji vya lozi na soya ziliitoa na kutia gamu ya gelani, E418, kiongezwa kingine chenye kazi kama hiyo. Ulaya iliipitia nayo mwaka 2018 na haikuona haja ya kuiwekea ukomo wa namba, kwa hiyo huenda mabadiliko hayo ni mazuri. Lakini geuza pakiti usome upande wa viambato: jina limebadilika, na kiasi bado hakijaandikwa.