Kujenga mfumo endeshi kwa amri moja: faida iko wapi?

Wanaotetea kujenga mifumo endeshi ya ruta, kamera na mashine za viwandani kwa amri, badala ya kubofya menyu, huanza na kasi. Hiyo ndiyo hoja yao dhaifu. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haiongezi mwendo eti kwa kuwa imeitwa na skripti, yaani faili ya amri. Ujenzi wa kwanza wa Yocto, mradi wa zana za kujenga Linux ya vifaa kama hivyo, utakula saa nyingi vilevile. Faida kubwa ni kumbukumbu. Skripti iliyo kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, inaonyesha kilichofanyika, ilhali mibofyo ya mhandisi aliyehama kazi huondoka naye. Kifaa hukaa kazini miaka mingi, na kasoro ya usalama kama Heartbleed ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), iliyofichuliwa 2014, ikizuka, lazima mtu aweze kujenga upya taswira ileile (faili nzima ya mfumo inayopakiwa kwenye kifaa), tofauti ikiwa kiraka kimoja tu.

Wenye shaka nao wana lao, na ni zito. Amri inayojiendesha kila usiku huzoeleka hadi hakuna anayejua inafanya nini. Isitoshe, kujiendesha si uthabiti. Mapishi ya Yocto, yaani faili za maelekezo ya kujenga kila programu, yakiwekewa SRCREV (toleo la msimbo la kuchukua) ya AUTOREV, BitBake, injini ya ujenzi ya Yocto, hufuata msimbo mpya kabisa wa tawi husika: amri haijabadilika, lakini taswira ya Jumanne si ya Jumatatu. Buildroot, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, ina mtego mwingine. Ondoa kifurushi kwenye usanidi, endesha make, amri ya kujenga, na faili zake zitabaki kwenye taswira, kwa sababu Buildroot haijaribu kubaini nini kijengwe upya. Dawa ni make clean, inayofuta vilivyojengwa ili kuanza upya, na malipo yake ni muda. Yocto hukwepa gharama hiyo kwa kukokotoa alama ya kila hatua na kutumia tena matokeo ya akiba. Diski ndiyo inayolia.

Kwa maoni yangu, ugomvi wa menyu na amri umekuzwa. Menuconfig, menyu ya usanidi kwenye Buildroot, yenyewe huandika machaguo kwenye faili ya .config, na make savedefconfig hubakiza machaguo yaliyotofautiana na ya kawaida. Kwa bodi moja ya majaribio, bofya utakavyo. Kifaa kikishafika kwa mteja, hapo sioni nafasi ya mikono.

Ila matoleo yote ya programu yafungwe, yasibadilike yenyewe, na msimbo chanzi uhifadhiwe kwako, maana seva za watu huzimwa. Kwa Yocto, jaribio ni rahisi: chukua mashine mpya yenye nakala hizo tu, weka BB_NO_NETWORK kuwa 1 ili BitBake isiingie mtandaoni, kisha endesha amri. Ikikwama ikitafuta faili mtandaoni, ujenzi huo bado unategemea seva ya mtu mwingine.