Je, Kipande cha Jazz Kisicho na Maneno Kinahitaji Kuelezwa?

Katika ua mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, vijana watano wamekuwa wakifanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa ajili ya albamu yao ya kwanza ya jazz, na siku hizi wanabishana zaidi kuliko wanavyopiga. Hawagombanii fedha, wala nani atangulie kupiga peke yake. Wanagombania jalada. Mpiga saksofoni anataka kila kipande kiandikiwe maelezo mafupi: kilitungwa wapi, kwa sababu gani, baada ya mtunzi kuona au kusikia nini. Mpiga piano anakataa katakata. Kwake, muziki usio na maneno ukishahitaji karatasi ya kuufafanua, basi mtunzi ameshindwa kazi yake. Wameniomba maoni mara mbili, na mara zote mbili nilijibu harakaharaka. Hapa nataka kujibu kwa utulivu, kwa kuwa naamini kila upande umeshika jambo la kweli.

Mfano ninaourudia kila mara unatoka karibu nasi kuliko New York. Mwaka 1960, mjini Johannesburg, kundi la Jazz Epistles lilitoa santuri iliyoitwa Jazz Epistle Verse 1, ambayo ndiyo albamu ya kwanza ya kundi la jazz la Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Kippie Moeketsi alipiga saksofoni, Hugh Masekela tarumbeta, Jonas Gwangwa tromboni, Johnny Gertze besi na Makaya Ntshoko ngoma. Kwenye piano alikaa Dollar Brand, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Abdullah Ibrahim. Zilitolewa nakala 500 tu. Hata jina la kundi lilikuwa na asili yake: Marekani walikuwapo Jazz Messengers wa Art Blakey, yaani wajumbe, nao hawa wa Johannesburg wakajiita nyaraka, kama zile za mitume zinazosomwa kanisani. Ni jina la watu wanaokiri wazi kwamba wamepokea ujumbe kutoka kwingine, lakini wanaokusudia kuandika barua yao wenyewe.

Mtu anayeijua bebop, ile jazz ya kasi ya Marekani ya miaka ya 1940, akiisikiliza albamu hiyo bila kuambiwa lolote, atasikia Charlie Parker katika saksofoni ya Moeketsi na Thelonious Monk katika vidole vya Brand, na anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba huu ni muziki wa Marekani uliopigwa na Waafrika hodari. Sioni aibu kukubali kwamba nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiri hivyo hivyo. Kilichonizindua ni majina ya vipande. Viwili vimepewa majina ya wenzao waliokuwa humo humo studioni: Dollar's Moods, hali za moyo za mpiga piano, na Blues for Hughie, kwa ajili ya mpiga tarumbeta. Kimoja kina jina la Kikhosa, Uku-Jonga Phambili, maana yake kutazama mbele. Halafu kipo kile cha Moeketsi kinachoitwa Scullery Department, ambacho kwa Kiswahili tungekiita Idara ya Kuoshea Vyombo.

Hicho ndicho kiini cha hoja yangu. Chini ya ubaguzi wa rangi, wanamuziki weusi waliajiriwa kuwatumbuiza wazungu katika kumbi za chakula na za dansi, lakini hawakuruhusiwa kuketi na wageni, na chakula chao walipewa jikoni. Moeketsi, ambaye wenzake walimhesabu kuwa mwalimu wao, alichukizwa sana na jambo hilo na akalitungia kipande. Hakutunga maombolezo. Kipande kinachangamka, kinatembea kifua mbele, na ala za kupuliza zinaitikiana kama watu wanaozungumza wakiwa wima. Umbo la muziki limeazimwa, jikoni ni kwao. Tangu nilipolijua jambo hilo, siwezi tena kusema kwamba albamu ile ni nakala tu ya Marekani.

Jumapili moja tulifanya jaribio pale uani. Jirani wa vijana hawa, mzee aliyestaafu kazi za mgodi, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, tukampigia Scullery Department kwa simu iliyounganishwa na spika ndogo, bila kumwambia jina. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Hii njo jazz? Jazz ni ya Franco." Alisema inafanana na muziki wa karamu za wazungu wa zamani. Ndipo mpiga saksofoni akamwambia: "Papa, huyu mtu alikuwa anapigia wazungu muziki, halafu wanamulisha ku jikoni." Mzee akanyamaza kidogo. Akatueleza kwamba baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya Wabelgiji mjini, alilala kwenye boyeri, chumba cha watumishi nyuma ya nyumba, na alikula kilichobaki akiwa amesimama karibu na sinki. Kisha akasema: "Rudilia." Safari hii aliinamisha kichwa, na kidole chake kikafuata besi kwenye mkono wa kiti mpaka mwisho.

Nilidhani jaribio hilo limemaliza mjadala. Mpiga piano alinitazama, akaniita yaya, yaani mkubwa wake, akaniambia: "Yaya, wewe umempigia hadithi, haukumpigia muziki." Jibu hilo limenikaa moyoni, na sitaki kulipita juu juu. Ni kweli kwamba mzee hakuguswa na noti peke yake. Ni kweli pia kwamba hadithi ile ile ingeweza kubandikwa kwenye kipande kibaya na bado ikamgusa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu Katanga, kwa sababu wapo wasikilizaji wa mbali, na wenye kugharamia matamasha, wanaotaka kutoka kwetu simulizi za mgodi na mateso kabla hawajasikia hata noti moja. Kijana akishajua kwamba kinachonunuliwa ni simulizi, ataanza kutunga simulizi kwanza, na muziki utafuata nyuma kama mpambe. Mpiga piano anaogopa jambo hilo, na naona ana haki ya kuliogopa.

Upande wake una shahidi mwingine mzito, tena wa nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na wimbo wake Masanga ukavuka mipaka. Wapiga gitaa wa nchi za mbali, wasiojua neno moja la Kiswahili, walikaa miaka wakijifunza jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyosuka sauti mbili tatu kwa wakati mmoja. Hawakungoja maelezo ya jaladani. Vidole vilijieleza vyenyewe.

Hata hivyo, nadhani mpiga piano anakosea mahali pamoja. Anafikiri kwamba kipande kisipoelezwa kinabaki kitupu, na msikilizaji anakijia akiwa hana lolote kichwani. Sivyo. Mzee wetu alikuwa tayari na maelezo yake: kwake jazz ni rumba, na hakukosea hata kidogo, kwani African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco, iliyoundwa mwaka 1956, ndizo zilizolifundisha neno hilo katika nchi yetu, kama vile upande wa Tanzania bendi za dansi zilivyojiita jazz. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuelezwa kabla vijana hawa hawajazaliwa. Na si rumba peke yake iliyolieleza. Mwezi wa Novemba 1960 Louis Armstrong alipiga hapa hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo chini ya kiongozi wake Moïse Tshombe, katika ziara ambayo serikali ya Marekani ilikuwa na mkono wake. Miezi miwili baadaye Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huu. Simlaumu Armstrong; ni yeye aliyempelekea kijana Masekela na wenzake tarumbeta kutoka Marekani katika miaka ya 1950, na zawadi hiyo haikuwa na siasa ndani yake. Lakini kwa wazee fulani wa Lubumbashi, neno jazz limebeba usiku ule wa 1960, na msanii asiposema kitu juu ya muziki wake, usiku ule utasema badala yake.

Yaliyowapata Jazz Epistles yananithibitishia hoja hiyo. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, hali ya hatari ikatangazwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku. Masekela aliondoka mwaka ule ule; wengine wakamfuata uhamishoni mmoja baada ya mwingine. Moeketsi alirudi kuishi Johannesburg na akafariki mwaka 1983. Wale walioweza kusimulia habari za jikoni katikati ya onyesho wakatawanyika, na hawakupata nafasi ya kutengeneza albamu ya pili pamoja. Kilichobaki mkononi mwa msikilizaji ni santuri chache na maneno mawili kwenye orodha, Scullery Department. Maneno hayo mawili yametosha kumfanya mtu aulize. Maelezo marefu yangemfanya asome badala ya kusikiliza. Ukimya ungemfanya apite.

Kwa hiyo nimewaambia vijana kwamba mimi niko upande wa majina, siko upande wa maelezo. Kipande chao kilichokopa mwendo wa karindula, muziki wa kwetu Katanga, ambapo besi inaiga ile banjo kubwa ya bidoni iliyowambwa ngozi ya mbuzi, kipewe jina ambalo mtu wa Katuba atalitambua mara moja, si "Namba ya Nne" kama kilivyo sasa. Habari zaidi wazisimulie kwa mdomo jukwaani, zikibadilika kila usiku kama muziki wenyewe unavyobadilika.

Kimebaki kipande kimoja ambacho sikuweza kukitolea uamuzi. Ni cha mpiga piano mwenyewe, na nadhani ndicho kizuri kuliko vyote: mkono wa kushoto unarudia noti tatu za chini bila kupumzika, wa kulia unadondosha sauti moja moja zisizofika chini. Alinieleza siku moja, tukiwa wawili, kwamba alikitunga kwa ajili ya mama yake, ambaye kwa miaka alikaa mtoni, maji yakimfika magotini, akisafisha mawe ya madini ya watu wengine. Kabla ya hapo mama hakuwa amemruhusu mtu yeyote kuisimulia habari hiyo, nami naiandika hapa kwa sababu yeye na mwanawe wamekubali, mradi wasitajwe. Jalada, alisema mama, litakaa kwenye nyumba za watu asiowajua, na hilo hakulikubali. Moeketsi alikitaja kwa jina chake alichodhulumiwa yeye mwenyewe. Kijana huyu anataja cha mtu mwingine, aliye hai, anayekaa nyumba moja naye. Kwenye orodha yao, mbele ya kipande hicho, sasa limeandikwa kwa kalamu ya risasi neno moja la kwetu, Kusukula, yaani kuosha, na alama ya kuuliza. Mama ameombwa aje kwenye mazoezi ya Jumamosi akisikie kabla alama hiyo haijafutwa, au neno lenyewe.