Autokrosi: uanze na gari ulilo nalo?

Kijana akisema anataka kuingia autokrosi, swali la kwanza analopigwa ni hili: una gari gani? Wengi huishia hapo. Mimi naona swali hilo huulizwa mapema mno, ingawa sikubaliani pia na wanaosema gari si kitu.

Autokrosi ni kushindana na saa. Njia ni fupi, kona ni nyingi, na mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Marekani, chini ya SCCA (Sports Car Club of America), chama cha mbio za magari cha huko, njia hupangwa kwa koni kwenye lami, mara nyingi katika maegesho makubwa yaliyo wazi. Mtu hufika na gari analoendea kazini. Buti hutolewa kila kitu, hata zulia la miguuni kwa dereva huondolewa lisije likanasa pedali. Wakaguzi hutikisa betri na magurudumu, na vilabu vingi huazima wageni helmeti. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2.

Faida yake kubwa ni kwamba makosa yanaonekana mara moja. Mgeni huchelewa kufunga breki, akazikanyaga akiwa tayari ndani ya kona. Tairi za mbele zinateleza, gari linakataa kugeuka, naye anazidi kuzungusha usukani. Macho yake yamekwama kwenye koni iliyo mbele ya boneti, wakati yalipaswa kuwa kona ya pili. Kosa hilo haliponywi na injini kubwa.

Wanaopinga ushauri wa "njoo na gari lako" nao wana hoja. Siku nzima unaendesha mara nne au sita, kila safari kama dakika moja. Jumla hazifiki dakika 10, na tairi zimelika. Bima nyingi pia hazilipi hasara ya mashindano.

Kwa Kenya hoja yao inazidi uzito, maana autokrosi yetu ni ya udongo. Jiwe moja likipiga sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, Jumatatu unapanda matatu. Gurudumu likizama kwenye mfereji wakati gari linateleza kiubavu, gari linaweza kupinduka. Kwa hiyo ule ushauri wa "njoo na gari lako" haufai kuchukuliwa ulivyo. Kizimba cha vyuma ndani ya gari si anasa hapa.

Lakini kujenga gari si lazima kuwe na maana ya Subaru ya turbo. Ningependa kuona vijana wawili wakichangia kigari chepesi kisicho na turbo, wakagawana tairi na fundi. Kabla ya hapo, wajitolee kama wasaidizi njiani msimu mmoja: ukisimama karibu na kona unaona nani anafunga breki wapi, na vumbi linakuonyesha gari lilipoanza kuteleza. Hela zikianza kupatikana, ziende kwanza kwenye kizimba, kiti na mikanda. Injini ibaki ile ile iliyokuja na gari.